Pazia la Maalim Abdulrazaki

Emiliana alizaliwa Misigiri, kule Iramba, kwa wakulima wa alizeti na mtama ambao hawakuwa na ugomvi wowote na historia. Historia nayo haikuwa na ugomvi nao, maana haikuwajua. Aliyeanzisha ugomvi ni yeye. Akiwa darasa la sita, mwalimu wao alimaliza kuwasimulia habari za machifu, wapelelezi na wamisionari, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Sisi walimu tunajua kwamba hilo huulizwa ili watoto wafunge madaftari. Emiliana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wanawake walikuwepo?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu mwadilifu, hakutaka kumdanganya mtoto.

"Walikuwepo," akasema. "Ila walikuwa na kazi."

Darasa zima likaridhika na jibu hilo, isipokuwa yeye. Akasoma mpaka akawa mwalimu wa historia, akapangiwa sekondari moja ya Singida mjini, ndipo nilipomkuta. Mimi nilifundisha jiografia, somo lisilogombana na mtu. Yeye kila mshahara ukitoka alinunua kitabu. Alikaa Mandewa na mumewe Calist, mwenye mashine ya kukamua alizeti, na nyumba yao ilikuwa na vitabu vingi kuliko sufuria. Majirani walimwonea Calist huruma kubwa. Walimshauri, walimwombea, mmoja alifika mpaka kwa katekista.

"Havijawahi kuniuma," Calist aliwajibu, akaendelea na mashine yake.

Kilichomuuma Emiliana ni kilichokuwa ndani ya vitabu hivyo. Kila msomi aliyetajwa alikuwa na ndevu. Wanawake walipita pembeni, wakiitwa mama yake fulani, mke wa fulani, binti wa chifu. Kuna kitabu kimoja, kinene kama tofali, alichokisoma likizo nzima akitafuta mwanamke mwenye jina lake mwenyewe. Alimpata karibu na mwisho. Alikuwa meli.

"Meli!" aliniambia tulipofungua shule. "Na imesifiwa vizuri, usidhani. Kurasa mbili nzima."

Basi alifundisha miaka hiyo yote, akastaafu, akaagwa kwa kitenge na hotuba. Hakupumzika sana. Mjini kulikuwa na kamati ya wazee iliyojipa kazi ya kuandika kitabu cha historia ya watu mashuhuri wa kwetu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Melkiori, ofisa mstaafu, ambaye yeye alistaafu lakini sauti yake ilikataa. Kamati ilikuwa na wazee wenye busara, wenye fimbo na wenye miwani. Hapakuwa na upungufu wowote mpaka mfadhili wa uchapaji alipouliza wanawake wako wapi. Wakatazamana. Ilikuwa kweli, hawakuwepo. Wakampigia Emiliana.

Siku ya kwanza alipofika walimshangilia, wakamwonyesha kiti, wakamwonyesha na chupa ya chai.

"Mimi nimekuja kuandika sura," Emiliana akasema, akiisogeza chupa kwa mzee wa jirani.

"Vizuri sana, mama," Mzee Melkiori akasema. "Sura ipi?"

"Ya wasomi."

"Wasomi tunao tayari. Tumewamaliza." Akapekua karatasi zake kwa upole wa mtu anayemtafutia mtoto pipi. "Chukua sura ya Akina Mama. Utaweka vyakula vya asili, malezi, na ususi wa vikapu."

"Asante, mzee," akasema Emiliana.

Mimi naijua asante hiyo. Aliwahi kumpa mkuu wetu wa shule, na mkuu wetu wa shule akaomba uhamisho.

Akaanza kuzunguka mjini na simu yake ya kurekodia. Alianzia dukani kwa Mzee Hussein, muuza kanga na vitenge karibu na soko, mzee wa watu, kanzu safi, macho yanayofumba kila akikumbuka jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo unatafuta kitenge gani?"

"Leo natafuta aliyekufundisha kusoma."

Mzee Hussein akacheka. Hilo lilikuwa rahisi. Mjini petu kila Mwislamu wa rika lake alisoma kwa Maalim Abdulrazaki, aliyefungua chuo cha Kurani sebuleni kwake, na chuo hicho bado kina jina lake ukutani.

"Maalim Abdulrazaki, Mungu amrehemu. Alitufundisha Kurani, akatufundisha kuandika kwa herufi za Kiarabu na hizi zenu pia. Mimi mpaka hesabu za duka nimezitoa kwake."

"Alikuwa mkali?"

"Maalim? Hata kuku hakuwahi kumfukuza. Lilikuwa kali lile pazia."

"Pazia gani?"

Mzee Hussein akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stendi. Maalim alikaa mbele, juu ya kiti. Nyuma yake palikuwa na pazia la buluu. Nyuma ya pazia alikuwepo mke wake, Bi Mboni. Yeye ndiye aliyesoma, watoto wakamfuata. Ukikosea, Maalim alitabasamu, lakini pazia lilisema: "Rudi, Hussein. Umeimeza hiyo herufi. Itapike." Na kama hukuitapika, chini ya pazia ilitokea fimbo nyembamba, ndefu, iliyojua goti la kila mmoja.

"Kwa hiyo aliyekufundisha ni Bi Mboni," Emiliana akasema.

Mzee Hussein akamtazama kwa masikitiko. Mwanamke amesoma hivi, halafu hasikii.

"Nimekwambia ni Maalim. Bi Mboni alikuwa akisoma tu na sisi tunafuata. Na akitusahihisha. Na akitutungia mitihani."

"Na Maalim?"

"Maalim alikuwa amekaa."

Emiliana alitoka pale akiwa na kitenge ambacho hakukihitaji, na furaha ambayo hakuijua tangu utotoni. Akawafuata wazee wengine, mmoja baada ya mwingine, na wote waliapa kwamba wamefundishwa na Maalim, kisha wakasimulia pazia. Maalim mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Alisafiri majuma kwa majuma, Manyoni, Itigi, mpaka kule treni inakokwenda, na chuo hakikufungwa hata siku moja. Mzee mmoja alikiri kwamba Maalim akiwa safarini masomo yalienda vizuri zaidi, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu na fimbo ilikuwa haizuiwi na kitu.

Taratibu Bi Mboni akaanza kuonekana. Baba yake alikuja bara kutoka Pangani akifuata biashara, akaoa Mnyaturu aliyesilimu. Alikuwa mtu wa vitabu asiye na mtoto wa kiume, basi vitabu vyote akamwagia binti yake, kama mtu anayejaza maji kwenye chombo kilichopo. Binti alihifadhi Kurani nzima kabla hajaolewa. Alijua sheria za mirathi kiasi kwamba ndugu waliokosana walipeleka kesi kwa Maalim saa za asubuhi, Maalim akasema atalifikiria, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amelifikiria vizuri ajabu. Wafanyabiashara walileta barua za kusomewa, na za kujibiwa. Nusu ya biashara ya mji huu iliandikwa na mkono ambao hakuna aliyeuona.

Emiliana aliandika sura yake kwa moto. Akaipeleka kwenye kamati haraka, na hapo ndipo alipokosea njia, kwa sababu alikuwa hajabisha hodi kwa watu wa nyumba ile.

Alipobisha, alifunguliwa na Rahma, kitinda mimba wa Bi Mboni, mwanamke wa umri wake, mrefu, mwenye mtandio mweupe na maneno machache. Walisalimiana vizuri. Akaletewa kahawa. Rahma alisikiliza habari yote bila kumkatiza, na ilipokwisha akaweka kikombe chini.

"Dada, nakuomba uache."

Emiliana alidhani hakusikia.

"Mama hakufungiwa nyuma ya lile pazia," Rahma akasema. "Alilitundika mwenyewe. Kitambaa alichagua yeye. Baba alimwambia mara nyingi, njoo ukae mbele, watoto wenyewe wadogo hawa. Mama akakataa. Alisema elimu ikitazamwa sana inaanza kujipenda. Sasa wewe unataka kumleta barazani, kaburini amelala, ili kamati ya wanaume imkague?"

"Nataka wajue."

"Wajue nini? Mungu anajua. Wanafunzi wake wanajua."

"Hawajui, dada. Nimewauliza."

Rahma akakiinua tena kikombe. Kisha akasema, bila hasira, "Hata hivyo."

Emiliana alirudi Mandewa kwa miguu. Katika vitabu vyake vyote hapakuwa na jibu la neno lile. Alikuwa amejiandaa kupigana na watu waliomficha Bi Mboni, kumbe wa kwanza wao ni Bi Mboni mwenyewe. Kwa majuma kadhaa hakuandika kitu. Alimsaidia Calist kujaza alizeti kwenye mashine, na wateja wakamwambia Calist kwamba afadhali sasa mkewe amepona.

Jambo moja alilifanya. Alikwenda kwa Mzee Melkiori, akamwomba amrudishie ile sura, au aifute, kwa sababu wenye marehemu hawakuridhia.

"Usijali, mama," Mzee Melkiori akamwambia, akimpigapiga begani. "Tumeshaipokea. Tutaitunza. Tutaifanyia marekebisho madogo madogo, isimuudhi mtu."

Na mtu mwenye elimu yake akakubali kuamini neno marekebisho.

Siku ya kusomwa kwa rasimu, kamati iliazima ukumbi, ikatundika maua ya karatasi, ikazialika familia za mashujaa wote. Rahma alikuja kwa ajili ya baba yake, ambaye alipewa kurasa za kutosha na picha nusu ukurasa. Mzee Hussein alikaa safu ya mbele. Emiliana alikaa nyuma kabisa, nami nikakaa naye, maana aliniambia nisimwache peke yake.

Mzee Melkiori alisoma mwenyewe. Alisoma kuhusu machifu, akasoma kuhusu wakulima bora, akasoma kuhusu yeye mwenyewe kwa unyenyekevu mkubwa uliochukua nusu saa. Ndipo akafika kwa Maalim Abdulrazaki, mwalimu wa walimu, taa ya mji. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Na alipofika kwenye sura ya Akina Mama, baina ya uji wa mtama na ususi wa vikapu, akasoma hivi:

"Hatuwezi kumsahau Bi Mboni, mke mwema wa Maalim, aliyesifika kwa pilau. Wanafunzi wengi walivutwa kwenye elimu na harufu nzuri iliyotoka nyuma ya pazia."

Emiliana alisema neno moja la Kinyiramba ambalo wazazi wake Misigiri hawakumlea kulisema. Lakini halikusikika, kwa sababu mbele Rahma alikuwa amesimama.

"Samahani, Mwenyekiti. Rudia hapo."

Mzee Melkiori akarudia, kwa sauti ya kupendeza zaidi, akidhani ameombwa tena kwa utamu wake.

"Pilau ya nani?" Rahma akauliza.

"Ya mama yako mzazi, dada yangu. Tumeona tumuenzi."

"Mama yangu hakuwahi kupika wali ukaiva. Juu mbichi, chini mkaa. Tulikula kwa jirani mpaka dada yangu mkubwa alipojua kushika mwiko. Nani amekwambia pilau?"

Mzee Melkiori akatazama karatasi, kama vile huenda karatasi ingejitetea. "Ni... ni namna ya kumsifia mama."

"Sifa gani hiyo ya uongo?"

Kutoka safu ya mbele, Mzee Hussein akajikohoza. Hakuwa na nia ya kuingilia, ila ukweli ni ukweli, na yeye alikuwa shahidi.

"Mwenyekiti, hapo binti yuko sahihi," akasema. "Mimi nimekaa mbele ya lile pazia tangu sijaota meno ya ukubwa. Harufu iliyotoka pale ilikuwa ya kuungua. Tulikuwa tunafumba pua tunaendelea kusoma."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Rahma, nafikiri, alikaribia. Lakini akamgeukia mzee yule, akamuuliza kwa adabu kabisa.

"Mzee wangu, shikamoo. Kama hakuwa anapika, mama yangu alikuwa anafanya nini huko nyuma ya pazia?"

"Marahaba, mwanangu. Alikuwa anasoma."

"Na nyinyi?"

"Tunamfuata."

"Basi nani alikufundisha?"

"Maalim Abdu..." Mzee Hussein akaanza, kama alivyoanza maisha yake yote. Akasimama hapo. Macho yake yalifumba, yakafumbuka. Kicheko kilikuwa kimekwisha ukumbini. "Maalim alikuwa amekaa," akasema polepole, kama mtu anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza, tena kutoka kinywani mwake mwenyewe. "Alikuwa amekaa tu, Mungu amrehemu. Ni mama yako. Ni mama yako aliyenifundisha, na mimi nimekula kwa elimu yake mpaka leo, wala sijamwombea dua hata moja kwa jina la mwalimu."

Akavua kofia, akakaa chini. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Wazee wengine wawili watatu waliosoma pale wakainamisha vichwa.

Rahma alibaki amesimama. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwenyekiti, mama yangu alichagua kutoonekana. Hakuchagua kuwa mpishi. Mngenyamaza, ningenyamaza. Lakini mmeamua kusema, basi semeni alichokifanya."

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya hapo kamati iliirudisha sura ya Emiliana kama ilivyokuwa. Mtu huyo hajawahi kukaa kwenye kamati. Iliketi vikao, ikanywa chai, ikapima uzito wa jambo, na kitabu kilipotoka, kimefungwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, pilau ilikuwa imeondolewa. Mahali pake, chini ya picha ya Maalim, kwa herufi ndogo ambazo Mzee Hussein hakuweza kuzisoma hata kwa miwani, paliandikwa: "Inasemekana mkewe naye alisaidia." Waliona wametenda haki. Walijipongeza.

Siku chache baada ya mkutano ule wa ukumbini, Rahma alifika Mandewa. Emiliana alimkaribisha akiwa na mikono yenye mafuta ya alizeti, akaanza kuomba msamaha papo hapo mlangoni, kwa sura aliyoipeleka kabla ya kuuliza. Rahma akaingia, akatazama vitabu ukutani muda mrefu.

"Nimekuja kukwambia uandike," akasema. "Nilidhani tukimwachia kimya, kimya kitamtunza. Kumbe kimya ni kiwanja kitupu. Ukiondoka tu, watu wanajenga jiko."

"Na lile alilotaka yeye?"

"Ndiyo maana utaandika pamoja na mimi. Utaandika sauti yake, na alichojua, na fimbo yake. Uso wake hapana. Wala picha. Alivyokuwa, mnene au mwembamba, mzuri au mbaya, hilo libaki ndani."

"Msomaji atauliza."

"Aulize."

Wakaanza. Kazi ile ilichukua masika na kiangazi chake, na sijawahi kuona watu wawili wakigombana kwa adabu kama wale. Emiliana alipoandika kwamba Bi Mboni alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivi au vile, Rahma alikata: umejuaje wa kwanza, ulikuwepo? Rahma alipotaka kuandika kwamba mama yake hakuwahi kukosea, Emiliana alimuuliza kuhusu wali. Mzee Hussein aliitwa kila walipokwama, akakaa sebuleni akifumba macho, akakumbuka masomo neno kwa neno, na mapigo ya fimbo pia. Maalim naye walimtendea haki. Rahma alisisitiza, na Emiliana hakupinga. Baba yule alijua kiasi chake, jambo ambalo wanaume wengi hufariki bila kulijua. Alikubali kukaa kwenye kiti miaka yote ile ili mkewe afundishe bila kusumbuliwa na watu, na sifa zilipomiminika juu yake alizipokea kwa aibu, akizipeleka ndani kama mizigo ya mtu mwingine iliyoletwa nyumba isiyo yake.

Uchapaji ulifanywa na Gerald, kijana mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, aliyewahi kufundishwa na Emiliana na kupata alama ambayo wote wawili walikubaliana kutoitaja. Aliwaletea jalada la kwanza kwa fahari. Juu ya jina la Bi Mboni palikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu hadi kifuani.

"Huyu ni nani?" Emiliana akauliza.

"Mwalimu, niliandika kwenye simu 'msomi wa zamani', ikaniletea huyu."

"Ulijaribu 'msomi wa kike'?"

"Nilijaribu, mwalimu. Ikaniuliza kama namaanisha 'mshoni'."

Emiliana na Rahma walitazamana. Kisha wakaanza kucheka, mpaka Rahma akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na Gerald akacheka nao ingawa hakujua kwa nini. Jalada likatoka na rangi ya buluu tupu, yenye mikunjo kidogo kama kitambaa kilichotundikwa.

Kitabu chao ni chembamba. Hakina dhahabu. Kamati ilikipokea kwa ukimya wa heshima, yaani haikukisoma. Kile cha kamati kimewekwa kwenye makabati ya vioo ya ofisi nyingi, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo. Cha Bi Mboni kimekosa kabati, kwa hiyo kimelazimika kusomwa. Mwanafunzi mwingine wa zamani wa Emiliana, Mughwai, anauza vitunguu Mkiwa pale mabasi yanaposimama, na alikubali kupanga nakala chache juu ya magunia. Abiria anayenyoosha mkono dirishani kutaka kitunguu anapewa na kitabu akitazame. Wapo wanaokirudisha. Wapo pia waliopiga simu kutoka Dodoma, Nzega na Mwanza, wakisema huyo wa pazia wanamjua, hata kwao alikuwepo, aliitwa jina jingine.

Chuo bado kina jina la Maalim. Vijana wachache walipendekeza kibao kibadilishwe, na aliyekataa ni Rahma. Alisema baba yake alikuwa mtu mwema, na kibao bado kizima. Ila Mzee Hussein, kila Ijumaa baada ya sala, huwasimulia watoto wa chuo habari za mwalimu wake, na humtaja kwa jina, kisha humwombea dua.

Nilidhani simulizi hii inaishia hapo. Lakini mwezi uliopita nilikuwa kwa Emiliana, tunaburudika kwa karanga mbichi, mgeni akabisha hodi. Alikuwa Martina, mke wa Mzee Melkiori, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtulivu sana, ambaye katika mji huu anajulikana kama mke wa Mzee Melkiori. Alisalimia, akaketi pembeni ya kiti kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Nimesoma kitabu chenu," akasema. "Kina makosa mawili ya ngeli. Mengine yote ni mazuri."

"Asante, mama. Utatuonyesha."

"Hata kile cha kamati nilikisahihisha. Chote. Na zile sehemu ambazo wazee hawakuziandika, za machifu wa zamani na njia za biashara, niliziandika mimi. Mzee ana shughuli nyingi." Alisema bila kulalamika, akimenya karanga. "Kwenye shukrani amemtaja dereva. Dereva kweli alijitahidi."

Nilikuwa nimezisoma zile sehemu. Ndizo pekee zilizosomeka.

"Sikuja kushtaki," Martina akaendelea. "Nilitaka tu kukwambia kwamba mimi nina mambo ninayoyajua. Nimeyakusanya maisha yangu yote. Ukipenda utayaandika, siku nikishafariki. Sitaki ugomvi nyumbani."

Emiliana aliinuka. Nilidhani anakwenda kuleta kitabu, kumbe alikwenda jikoni, akarudi na kikombe kingine, akakiweka mbele ya Martina na kumimina chai yeye mwenyewe.

"Hapana, mama," akasema. "Wafu nimewachoka. Ukiwauliza swali wanamtuma mtu mwingine ajibu. Mimi sasa nataka mwenye pumzi, anayeweza kunigombeza nikikosea. Na huyo mwenye kuandika ni wewe, si mimi. Mimi nitakusahihisha ngeli."

Martina alicheka kwa mkono mdomoni. Alitazama mlangoni, akatazama saa yake, akahesabu bila shaka muda wa mzee kurudi kutoka kikaoni. Halafu akasogea nyuma, mgongo ukagusa kiti.

"Haya," akasema. "Kwanza kabisa, huyo chifu mnayemsoma wote kwenye kile kitabu, mambo yake hayakuwa hivyo. Dada yake ndiye aliyekuwa anajua kusoma."

Calist alizima mashine nje ili tusikie vizuri.